Upepo wa pine ni kazi ya kooperative yote

Ndugu wanamemba, kamiyo ikivuta upande mmoja tunasema: «Barabara ni mubaya», ao tunalaumu shofere. Sisi wenye kuwasaidia mashambani tunaona tuanze kupima upepo. Pine za mbele zikilegea, usukani unakuwa muzito na kamiyo inachelewa kukata kona. Pine ya upande mmoja ikilegea, kamiyo inavuta kule. Upepo ukizidi, pine zinarukaruka juu ya mawe, hazishike chini vizuri. Pine iliyolegea chini ya mihogo, na wamama wamekaa juu, inapata moto, inaweza kupasuka. Kuipiga teke si kuipima. Tununue kipimo cha upepo kwa pesa ya kooperative, tupime asubuhi pine zikiwa baridi, mbele ya safari.