Nipo Upande wa Khanga

Kaka yangu ana hasira na mama. Alinunua kamera tatu, akamlipa fundi, akaweka programu kwenye simu yake huko Dar es Salaam. Sasa kamera ya sebuleni inamwonyesha maua mekundu tu. Mama, kule Kibondo, ameitundikia khanga.

Kwenye grupu la familia nimeambiwa nichague upande. Nipo upande wa khanga.

Wizi upo, sikatai. Tumeibiwa sola juu ya bati, na kabla ya hapo mbuzi. Tangu gridi ya taifa ilipotufikia mwaka 2022 na kutupumzisha na majenereta ya dizeli, kufunga CCTV Kibondo au Kasulu kumekuwa jambo la kawaida. Kamera ya getini na ya bandani niliziunga mkono mwenyewe. Ya sebuleni ndiyo naikataa, na sababu ya kaka naikataa zaidi: “Nataka nione mama anaendeleaje.”

Si umpigie umuulize? Buha ni nchi ya salamu ndefu. Mtu akishasema mwakeye, bado kuna kuulizana nyumba, watoto, shamba, ng'ombe. Jioni mama alikuwa akipukuchua maharage sebuleni na majirani zake wawili. Mmoja akaona kitaa chekundu ukutani, akauliza ni nini. Mama hajui kudanganya: “Ni mwanangu, anatuona.” Kesho yake walikaa nje. Siku ya tatu hawakuja. Mguu unaouma, mkwe asiyesalimia, deni la vikoba: hayo ni mazungumzo ya wanawake watatu, hayana safari ya Dar.

Na dada wa kazi je? Hakuna aliyemuuliza. Pale sebuleni ndipo anapojinyoosha mchana na kujifunga khanga yake upya, huku mwanamume asiyemjua vizuri akiweza kumtazama akiwa kwenye daladala. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda maisha binafsi ya kila mtu. Haikusema isipokuwa anayelipwa mshahara wa mwezi.

Kaka anajibu kwamba anayeona ni yeye peke yake. Ana hakika gani? Kamera zake hupeleka video kwenye seva za kampuni. Mwaka 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki Ring, kampuni ya Amazon, kwa kuwaachia wafanyakazi wake video za faragha za wateja. Mmoja wao alikuwa ametazama maelfu ya video za wanawake majumbani mwao. Kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.8. Kama hayo yametokea kwa kampuni kubwa kiasi hicho, hiki kikamera kisicho hata na jina la mtengenezaji kwenye boksi tukiamini kwa lipi?

Nilikwenda Kasulu kutafuta mfumo mwingine. Dukani nilijiandaa kuulizwa megapikseli. Fundi akaniuliza kitu kimoja: “Mwenye picha atakuwa nani?” Nikajibu mama. Basi, akasema, chukua DVR yenye diski, iungwe kwenye TV yake.

Hesabu yenyewe iko hivi. Kamera moja ikirekodi mfululizo kwa megabiti 2 kwa sekunde hutumia kama gigabaiti 21 kwa siku. Diski ya terabaiti 1 itatunza kamera mbili kwa wiki tatu, kisha itajifuta na kuanza upya, bila bando. Hizi za kaka hutuma pale tu kitu kinapotikisika, lakini kuku wa mama hawajawahi kutulia, na bando analinunua mama.

DVR itakaa kwenye kabati la mama, chini ya ufunguo wake. Nywila ya kiwandani tutaibadilisha siku hiyohiyo. Kamera zilizoachwa na nywila za kiwandani ndizo zilizovamiwa na kirusi cha Mirai mwaka 2016. Ya getini itaangalia geti letu, si mlango wa jirani. Mwizi akija, mama atapiga yowe, kazi ambayo kamera haiwezi, na asubuhi atampa picha anayemtaka yeye.

Fundi anakuja Jumamosi. Kaka, nauli yake ya kutoka Kasulu tunagawana nusu kwa nusu.