Moto Huo Uliunguza Nyumba

Jamani vijana wenzangu, tuache ushamba huu! Juzi hapa Ifakara tumeonyeshwa picha ya volkano ya Nyiragongo usiku: anga jekundu, lava inang'aa kama dhahabu. Mmoja akasema, "Duh, hili lenyewe ni shairi!"

Shairi gani? Januari 17, 2002 lava hiyo iliingia Goma, ikaukata mji katikati. Watu kama 120,000 wakabaki bila makazi. Mei 22, 2021 ikashuka tena, watu wakakimbia na magodoro kichwani. Pichani sikuona hata godoro moja.

Sisi tunaujua mto Lumemo ukifurika. Aliye ndani ya ndege huona maji yanapendeza. Aliye chini anatafuta watoto. Mwandishi, shuka chini. Anza na godoro.