Si Netiweki, Ni Setingi Zako

Wasee, tuache kusingizia netiweki. Huku Nyamarambe netiweki ina dhambi zake, sikatai. Mvua ikinyesha stima inapotea na simu inabaki na baa moja. Lakini hii ya kilo za mama si yake.

Iko hivi. Mama alichuma majani chai, akapeleka kituoni, karani akapima: kilo 23.4. Risiti ikatoka. Mwisho wa mwezi, hiyo siku haipo kabisa kwenye hesabu. Tulipouliza, jibu likawa, "Kijana, ni netiweki." Kituo sitakitaja, vita yangu ni na hilo jibu.

Nyuma ya mizani kuna waya unaoingia kwa kiboksi chenye laini ya simu. Hiyo ndiyo modemu. Mizani inaongea kupitia poti ya siriali, herufi moja baada ya nyingine. Modemu inazikusanya, inazifunga pakiti, inazituma kwa seva. Fundi anayeiseti lazima achague itatuma vipi: TCP ama UDP. Na wengi wanapenda UDP kwa sababu haina maswali. Unaweka anwani ya seva, nambari ya poti, baudi 9600, taa inawaka kijani, unaenda kunywa chai. Ya mama, pengine.

UDP ilitoka 1980, imeandikwa na Jon Postel, na maelezo yake yote ni kurasa tatu tu. Inatupa pakiti na kusonga mbele. Haingoji jibu. Ni kama kumpa makanga mzigo wako aupeleke Kisii mjini bila kuchukua namba yake ya simu. Mara nyingi utafika. Usipofika, utamuuliza nani?

Najua kuna buda atasema UDP iko kila mahali: gemu, simu za WhatsApp, vifaa vya kufuatilia magari. Kweli kabisa, na huko inafaa. Gari likipoteza ripoti moja ya mahali lilipo, ingine inakuja baada ya sekunde chache na hakuna aliyeumia. Kilo za chai zinasemwa mara moja tu. Mama hawezi kuchuma yale majani tena ndio pakiti irudi.

Halafu kuna uzembe mwingine mdogo unaoniudhi hata zaidi. Kwa baudi 9600, herufi moja inachukua kama milisekunde moja kupita kwa waya. Ukiiambia modemu ikate pakiti kila ikisikia kimya cha milisekunde mbili, mizani ikisita kidogo tu kati ya 23 na .4, umepata vipande viwili, na UDP haiahidi kwamba cha kwanza ndicho kitafika kwanza. Iambie ingoje alama ya mwisho wa mstari ndipo itume. Ni setingi moja! Dakika mbili za kazi.

Na usiniambie basi tuweke TCP tuende nyumbani. TCP inajua kama pakiti imefika upande wa pili, lakini stima ikipotea wakati data bado iko ndani ya modemu, imeenda nayo, na mizani haina habari. Dawa ni kila upimaji upewe namba yake, uhifadhiwe pale pale kituoni, utumwe, halafu seva ijibu "namba hii nimeipata". Kimya? Tuma tena. Ikifika mara mbili, seva inaona ni namba ile ile, inahesabu moja tu. Ukifanya hivyo hata UDP itakutosha, na kwa netiweki mbovu kama yetu pengine ni poa zaidi. M-PESA imekuwa nasi tangu 2007, na hadi leo hakuna mwenye duka anayekubali "nimetuma" kabla meseji iingie. Mbona kwa mkulima tukubali?

Mizani yenyewe inakaguliwa na kupigwa muhuri, kuna sheria nzima ya mizani na vipimo, Sura ya 513. Safi. Lakini nani anakagua ule waya na kile kiboksi? Kilo ziko sawa kwa kioo cha mizani, zinapotelea njiani, na mtu aliyeseti hiyo njia hata haulizwi jina.

Fundi, kama wewe ndiye uliyeweka modemu kwa kituo, rudi. Chomoa antena, pima gunia moja, rudisha antena, halafu angalia kama hizo kilo zimefika kwa seva. Kama hazijafika, hiyo kazi hukuimaliza.

Mama anaweka risiti zote kwa mkebe wa Kimbo. Nimezipanga kwa tarehe, na siku ambazo hazimo kwenye hesabu ni tatu. Jumatatu tunaenda kituoni na mkebe.