Tembo la haraka haraka

Wahenga walinena kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Msomaji mpenzi, siku hizi wapo ambao hata hawangoji kusifiwa. Wanatia maji kabla mnywaji hajaketi!

Kazi ya mgema aliyelelewa katika kazi haina hila. Anapanda mnazi asubuhi na jioni, anakata ncha ya kole kwa kotama, na tembo linadondoka ndani ya kibuyu. Hatii hamira, kwa maana hamira imo hewani na ndani ya kibuyu chenyewe. Baada ya saa chache utamu unageuka ukali. Likilala, linachacha. Likikaa zaidi, hilo ni siki ya kutilia kachumbari.

Sasa fikiria dumu linalotoka Malindi hadi Garsen, zaidi ya kilomita 100, jua likiwaka. Mchuuzi anaogopa hasara. Hapo ndipo miiko huanza kulegezwa: sukari kidogo, maji kidogo, hamira ya dukani, na biashara inaendelea.

Si kila njia ya mkato ni dhambi. Dumu badala ya kibuyu halina ubaya, mradi lilikuwa la mafuta ya kupikia na limeoshwa vizuri kwa maji moto. Lakini dumu lililobeba dawa ya kupe au ya mimea halioshiki likafaa kwa kinywaji. Litoboe, ulitupe.

Maji nayo ni jambo zito. Mto Tana unapofurika, kama ulivyofanya mwaka wa 2018 na tena 2024, uchafu wa vyooni huingia mtoni na visimani. Anayechota hapo na kuongeza tembo bila kuchemsha maji anaweza kumuuzia jirani kipindupindu. Usitegemee ukali wa tembo kuua vijidudu.

Mkato wa kuogopwa kabisa ni ule wa chang'aa kutiwa spiriti za viwandani ili ikolee upesi. Hiyo ndiyo methanoli. Novemba 2000, pombe ya namna hiyo iliwaua zaidi ya watu 100 Nairobi, wengi wao katika mitaa ya Mukuru, na wengine wakapofuka. Februari 2024 msiba ukabisha hodi Kirinyaga. Tangu mwaka wa 2010 sheria inaruhusu chang'aa iliyotengenezwa kwa kufuata viwango na kwa leseni, lakini mtungi wa nyuma ya nyumba haumo katika hesabu hiyo.

Wako wanaojidanganya kwamba wakiwasha kiberiti na moto ukawa wa samawati, basi pombe ni safi. Uongo! Methanoli nayo huwaka hivyo hivyo. Wala usingoje uone. Mtu akianza kulalamika kwamba anaona ukungu, tumbo linamsokota na pumzi inamwenda mbio, hata kama alikunywa jana, mkimbize hospitali. Asilazwe nyumbani eti pombe imtoke.

Kina mama, najua wengi wenu mnauza ili karo ilipwe. Sina ubaya na riziki ya mtu. Nasema tu kwamba faida ya maji ni ya siku moja, na mteja aliyepofuka haioni tena njia ya kuja kwako.

Hadi Jumapili ijayo, alamsiki.