PETROLI NAYO INACHACHA!

Jamani wasomaji wangu, mwenzenu nimeumbuka. Wiki iliyopita umeme ulikatika saa moja jioni, na ndani ya friza mama Asha ana kilo 20 za vibua vya biashara. Nikamwambia kwa mbwembwe, "Usihofu, mumeo nipo!" Nikatoa kijenereta na dumu la petroli nililoliweka stoo tangu mgao wa mwaka 2023.

Nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta mpaka bega likauma. Kinakohoa mara moja, kinazima. Watoto wakaanza kucheka gizani.

Asubuhi fundi akaja, akafungua dumu, akanusa, akakunja uso. "Mzee, hii imechacha."

Kuchacha? Mimi nilijua maharage ndiyo yanachacha, bwana! Kumbe petroli si kitu kimoja, ni mchanganyiko wa vimiminika vingi. Vile vyepesi, ambavyo ndivyo vinavyoiwasha injini ikiwa ya baridi, ndivyo vinavyotangulia kuruka, hasa dumu likikaa chini ya bati na joto hili la Dar. Vinabaki vizito, vivivu kuwaka.

Halafu dumu lenyewe lilikuwa nusu, juu hewa tupu. Oksijeni ya humo inaungana na baadhi ya vilivyomo kwenye petroli, polepole, na joto linachochea. Matokeo yake ni utomvu wa kunata kama vanishi. Fundi alipofungua kabureta akanionyesha jeti, katundu kadogo kama ka sindano, kamezibwa na gamba la kahawia. "Mafuta yatapita wapi hapa, mzee?" Sikuwa na jibu.

Akanipa somo. Jenereta ukitaka kuiweka, funga koki ya mafuta, iache ingurume mpaka izime yenyewe, kabureta ibaki kavu. Petroli nunua ya kutumia mwezi huu na ujao, dumu likaribie kujaa, likae kivulini nje ya nyumba. Hapo kwenye "nje" nikanywea, maana stoo yetu imepakana na jiko la mkaa! Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kwa chini mpaka ukutane na moto. Karibu miaka yote hiyo tumelala jirani nao.

Na vibua? Nusu tumegawa kwa majirani, nusu vimetupwa. Mama Asha kaandika hasara kwa chaki mlangoni mwa stoo. Chini yake kaandika tarehe niliyonunua petroli mpya.