Mashahidi Hawakwisha Namugongo

Katika shule yetu hapana sikukuu ipendwayo kuliko tarehe 3 Juni. Twashona bendera, twaimba nyimbo za mashahidi mpaka sauti zinakauka, na wenye miguu yenye nguvu huomba ruhusa kwenda Namugongo pamoja na mahujaji wengine. Majina ya mashahidi yametuenea: darasani mwetu peke yake wamo akina Lwanga watatu na Kizito mmoja, na huyo Kizito ndiye mrefu kupita wote, ingawa Kizito wa kwanza alikuwa mtoto wa miaka kama 14 tu. Nayapenda mambo haya yote. Lakini naona ya kuwa tumeiweka habari hii mbali mno nasi. Wengi wetu hudhani ushahidi ni jambo la mwaka 1886, la mfalme mwenye hasira, kuni na moto. Na maadam siku hizi hakuna Kabaka Mwanga wa kutuuliza kama twasali, basi twadhani dini yetu haina gharama tena.

Hata mashahidi wenyewe hawakufa wote kwa sababu ya swali hilo. Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyeuawa tarehe 15 Novemba 1885, alikuwa mtu wa heshima katika jumba la mfalme, naye angaliweza kunyamaza. Kosa lake mojawapo lilikuwa kumwambia mfalme ya kuwa si haki kumwua Askofu Hannington. Na Hannington alikuwa Mwanglikana, Mukasa Mkatoliki! Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa tarehe 16 Februari 1977, naye hakuambiwa amkane Kristo. Yeye na maaskofu wenzake walikuwa wamemwandikia Idi Amin kupinga mauaji na dhuluma za askari.

Lakini mtu ambaye nataka hasa tumfikirie ni jirani yetu wa ng'ambo ya mpaka, huko Kongo. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma sheria, akapata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa zipitazo mpakani. Nje ya kazi alikuwa pamoja na rafiki zake wa Jumuiya ya Sant'Egidio, akiwasaidia watoto wa mitaani wapate kusoma. Mwaka 2007 kililetwa chakula kilichoharibika. Wenye mali walitaka akipitishe. Wakampa fedha, akakataa. Wakaongeza, akakataa tena. Yasimuliwa ya kuwa alimwuliza mtawa mmoja aliye daktari, watu wakila chakula cha namna ile watapatwa na nini. Basi chakula hakikupita. Tarehe 7 Julai alitekwa, na siku mbili baadaye maiti yake ikaonekana. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri, huko Roma, na wakati huo mji wake wa Goma ulikuwa mikononi mwa waasi.

Ndugu wasomaji, litazameni jambo hili vizuri. Hakuna aliyemwambia Floribert aache dini yake. Walitaka sahihi yake tu. Angaliweza kupiga mhuri Ijumaa na Jumapili akaenda Misa, wala padre asingalijua. Na wale ambao wangalikula chakula kile hakuwajua hata mmoja kwa jina. Walakini Kanisa limesema ya kuwa aliuawa kwa ajili ya imani, sawasawa na wale wa Namugongo. Kwa maoni yangu hilo ni neno zito kuliko tulivyolipokea, kwa sababu mhuri na sahihi ndivyo vitu tutakavyopewa sisi sote tukitoka hapa. Mmoja atakuwa karani, mwingine mwuguzi, mwingine mwalimu wa kusimamia mtihani.

Jibu la wenzangu nalijua, maana nalisikia bwenini kila mara: mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Haya, ni methali ya mbuzi. Mbuzi haulizi shamba analolila ni la nani.

Lakini wako wasemao neno la maana zaidi, nao sitawacheka. Husema: ni rahisi kukataa kama una chakula nyumbani. Mimi mwenyewe nimeonja jambo hili kidogo, kidogo sana, wala sijilinganishi na watu niliowataja. Nilipokuwa kidato cha nne, katika shule nyingine, walikuja watu kuuza karatasi za mtihani kabla ya siku yake, na darasa likachangishana. Nikakataa kuchanga. Wenzangu wakaniita "Askofu," wakaacha kukaa nami mezani. Hayo yalivumilika. Yasiyovumilika yalitoka nyumbani. Baba yangu alikwisha kufariki, na baba mdogo ndiye aliyenilipia karo. Aliposikia, aliniita nje akasema, "Mwanangu, niliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya mtihani huo. Wewe wajifanya mtakatifu kwa ng'ombe wangu?" Nilimjibu, "Baba, nisamehe, lakini sitaweza." Hakunigombeza. Alinyamaza tu, na mwaka uliofuata karo haikutoka. Wala simlaumu, ng'ombe walikuwa wake kweli. Matokeo yalipokuja, baadhi ya walionunua walinipita, na radi haikuwapiga. Nalisema hili wazi kwa sababu wako wahubiri watuahidio ya kuwa mwenye kushika haki atalipwa upesi. Malipo hayo mimi sikuyaona.

Nililoona ni jingine. Mwalimu mmoja na akina mama wawili wa parokia walikaa, wakahesabu, wakanipa kazi ya kumwagilia bustani ya misheni wakati wa likizo, na kwa njia hiyo nikaingia kidato cha tano. Bila wao ningalikuwa nyumbani sasa, na watu wa kijiji wangalinionyesha watoto wao kama mfano wa ujinga. Ndiyo sababu sikubali tunapohubiriwa ushujaa kana kwamba ni kazi ya mtu mmoja peke yake. Karani akifukuzwa kazi kwa kukataa hongo, Wakristo wenzake humwonea huruma siku ya kwanza, na siku ya pili huuliza alikuwa na haja gani ya kujitia matatani. Akifa, twamwimbia.

Basi naiomba halmashauri ya chama chetu cha wanafunzi Wakristo ifikiri neno moja. Sadaka ya tarehe 3 Juni, nusu yake iwekwe katika mfuko wa kumsaidia mwanafunzi aliyenyimwa karo au kutengwa kwa sababu amekataa udanganyifu. Mtu atasema wajanja watajisingizia. Watakuwapo, na padre mlezi pamoja na walimu waulize na kuchunguza, kama wanavyochunguza mtu anayejidai kuwa mgonjwa siku ya kulima. Tena akikaa peke yake mezani, wawili wetu waende wakale naye; hilo halihitaji hata senti.

Fedha zipo. Mwaka uliopita sehemu kubwa ya sadaka ile ilinunua vitambaa vya bendera. Bendera hizo zimo stoo hata leo, nzima kabisa.