Mabaka Mbavuni mwa Chombo

Wapenzi wa ushairi mtaniwia radhi kwa kuwatoa leo kwenye vina na mizani na kuwapeleka Buzuruga, kata ya Mwanza isiyojua harufu ya chumvi. Huko yuko mwenye boti ya alumini, kuukuu, iliyobabuka rangi, naye ameazimia kuipaka upya mabakamabaka ya kijani, kahawia na nyeusi, mfano wa magwanda ya askari. Yeye asema ni urembo. Mimi nasema ni kukikana chombo, na jambo hili sitaliacha lipite kwa kicheko.

Tuanze na asili ya fani yenyewe, maana mabaka ni elimu ya vita. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza hapa Unguja tarehe 20 Septemba, ilijichimbia katika delta ya Rufiji ikajifunika matawi ya miti ili isionekane na walioisaka. Ilionekana, na Julai 1915 ikaangamizwa mumo humo. Mwaka 1917 mchoraji Mwingereza Norman Wilkinson alileta shauri la kuzipaka meli mistari iliyovurugana, si kwa kuzificha, bali kwa kumtatiza nahodha wa nyambizi asijue meli yaelekea wapi wala kwa kasi gani. Hao walikuwa na adui. Huyu wa Buzuruga adui wake ni nani?

Atajibu: samaki. Kule Marekani wawindaji wa mabata hupaka maboti yao ya alumini rangi za matete, kwa kuwa bata ana macho makali na bati hung'aa juani. Hoja hiyo ina akili yake huko kwenye mabata. Lakini Ziwa Victoria dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za umeme wa jua. Mvuvi hufanya kila hila ili aonekane na samaki. Sangara naye hunaswa kwa nyavu na ndoana zilizoachwa majini, mwenye chombo pengine yuko kwake amelala. Na samaki atazamaye juu kutoka chini huona kivuli tu dhidi ya mwanga wa mbingu, hata ubavu ukipakwa rangi gani.

Basi anayefichwa ni binadamu. Ziwa lile lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,000, na dhoruba zake haziji kwa hodi. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ya wanaokufa maji humo ni kati ya watu 3,000 na 5,000 kwa mwaka. Chombo kikipinduka, mwokozi aghalabu ni mvuvi mwingine aliyekuwa karibu akaona. Ndege ya Precision Air ilipoanguka majini karibu na Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi ndio waliotangulia kufika. Sasa mtu achukue rangi za matete na magugumaji, azipake chombo atakachokipanda yeye na wanawe, kisha siku ya tufani atumaini kuonekana!

Tena rangi zile zina lugha yake. Upande wa Uganda wanajeshi walipewa kazi ya kusimamia uvuvi ziwani tangu 2017. Upande wetu nyavu zilichomwa moto katika Operesheni Sangara ya 2018. Wapo na maharamia waporao injini. Mvuvi maskini akiona mabaka yakimjia alfajiri hatauliza kama ni pambo, ni dola au ni mwizi. Atakata nyavu akimbie, na hasara ni yake. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi liliwapa siku saba raia wenye mavazi ya kijeshi wayasalimishe. Tangazo lilihusu nguo, nami sisemi boti ni nguo. Nasema tu kwamba sare si mali ya kuchezea.

Lakini kinachoniuma zaidi, na ndicho kilichonifanya niandike katika kurasa hizi, ni ule ubavu. Kwetu ubavu wa chombo ni ukurasa. Mitepe ya Lamu ilichorwa macho omoni, chombo kione njia nacho kionwe. Majahazi na ngalawa hupewa majina, na jina hilo ni utungo mfupi kuliko wote: dua, kijembe kwa jirani, au shukurani kwa mama. Bara nao, kwenye mitumbwi ya mbao ya ziwani, huandika vivyo hivyo. Mabaka hayaandikiki juu yake. Yameumbwa ili jicho lisipate pa kutua, na herufi ni kitu kinachoomba jicho litue. Mwenye kuyapaka amechagua chombo bubu.

Kuhusu bati lenyewe nina machache. Alumini haipokei rangi kama mbao zinavyopokea deheni na sifa. Huoshwa mafuta yote yatoke, hupigwa msasa, kisha hupakwa praima iliyotengenezwa kwa ajili yake siku hiyo hiyo, kabla hewa haijairudishia utando unaobandua rangi. Rangi za chini zenye shaba ziepukwe, hula bati. Baada ya hapo nyeupe, au njano, au ile ya chungwa lililoiva; jina pande zote mbili, namba ya usajili chini yake, herufi zisomeke kutoka mbali.